Kila kasoro mnaibatiza "upekee wa jengo la kale". Wakazi wa lofti tumechoka!

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu, naomba mvumilie mpaka mwisho. Namlenga hasa yule ambaye dalali ameshamtembeza, akaona dari ndefu, matofali mekundu na madirisha makubwa ya chuma, na sasa anahesabu hela ya kutanguliza.

Huu ni mwezi wa 14 naishi kwenye lofti. Kwa asiyefahamu, lofti ni makazi yaliyotengenezwa ndani ya jengo lililokuwa ghala au kiwanda: ukumbi mmoja mkubwa, kuta chache, boriti na mabomba vimeachwa wazi, kitanda kimepandishwa kwenye roshani ya ndani. Jengo letu lilikuwa ghala, lina zaidi ya miaka 100, na limo kwenye orodha ya majengo yanayolindwa. Kampuni iliyoligeuza makazi iliyatangaza kuwa ya kifahari na ikatutoza bei ya kifahari.

Sina ugomvi na jengo. Waliolijenga walijua kazi yao. Nagombana na waliolikarabati, ambao tukiwapelekea lalamiko lolote wanatujibu sentensi moja: "Huo ndio upekee wa jengo la kale." Nimeshajibiwa hivyo mara sita kwa maandishi. Barua zote ninazo.

Nianze na ukuta. Wiki ya tatu baada ya kuhamia niliamka nikakuta mto wangu una vumbi jekundu. Nikalipangusa. Kesho yake lipo tena. Nikapitisha kidole kwenye tofali lililo juu ya kitanda, kikatoka chekundu kama nimeshika chaki. Nikachukua ufunguo wa mlango nikausukuma kwenye lile tofali. Ukazama, bila kutumia nguvu. Tofali lililobeba ghala la ghorofa nne kwa karne nzima linachimbika kwa ufunguo!

Nikamwita mwashi mmoja mzee, amefanya kazi ya matofali na chokaa maisha yake yote. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akanigeukia: "Mwanangu, hapa walipuliza mchanga?" Akanieleza. Tofali la kuchoma lina ngozi. Moto wa tanuri huifanya sehemu ya nje iwe ngumu na iliyoshikana kuliko ya ndani, na ngozi hiyo ndiyo inayolikinga na mvua. Kuta zetu zilikuwa na tabaka za rangi ya zamani. Ili wapate tofali wazi la kupigia picha za matangazo, wakazipuliza mchanga kwa mashine ya hewa, ndani na nje. Rangi ikatoka, ngozi nayo ikatoka. Haioti tena.

Hawakuishia hapo. Kwenye maungio ya matofali wakakwangua mchanganyiko wa zamani wa chokaa na mchanga, wakajaza saruji. Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo hasara ilipo. Ukuta wa zamani wa aina hii ni mnene na hauna uwazi katikati. Unanyonya maji mvua ikinyesha, kisha unayatoa pole pole kukiwa kukavu. Chokaa ni laini kuliko tofali, kwa hiyo unyevu hupitia kwenye maungio, na kikiharibika kitu ni yale maungio, ambayo mwashi huyajaza upya. Ukiweka saruji, maungio yanakuwa magumu kuliko tofali. Maji yanatafuta njia usoni mwa tofali lenyewe, yakiwa yamebeba chumvi. Yakikauka, chumvi inabaki, inajenga fuwele, na fuwele zinalisukuma tofali mpaka linabanduka magamba. Ule unga mweupe niliouona nyuma ya kabati nikadhani ni ukungu, kumbe ni chumvi hiyo.

Nilipopeleka picha, kampuni ilimtuma kijana na ndoo ya vanishi. Akapaka ukuta wote, ukang'aa kwa wiki mbili, kisha vanishi ikaanza kuvimba malengelenge. Ukitoboa moja linatoa maji.

Madirisha nayapitia haraka. Ni ya chuma, kioo kimoja. Mvuke wa kupika, wa kuoga na wa pumzi zetu ukigusa kioo baridi unageuka maji, na kila asubuhi ya majira ya baridi nakamua taulo mbili. Tuliomba tuwekewe dirisha la pili kwa ndani. Wakajibu kwamba sheria ya majengo ya kale hairuhusu. Nikaenda mwenyewe kwenye ofisi inayolinda majengo hayo. Ofisa akafungua faili letu mbele yangu: dirisha la ndani linaloweza kuondolewa huombewa kibali, na kwa jengo letu hakuna ombi lililowahi kupelekwa. Hata moja! Walituambia tumekataliwa jambo ambalo hawakuwahi kuliomba.

Na kelele. Ghala lilijengwa libebe mizigo, na mizigo haitembei usiku. Sauti ya watu wanaozungumza husafiri hewani, lakini kishindo cha mguu huingia kwenye ubao, kikashuka kwenye boriti na kutokea kwako. Kukizuia kunataka tabaka laini chini ya sakafu ya juu, na dari ya pili yenye pamba ya madini. Kwa kuwa walitaka boriti zionekane, dari hawakuweka, na tabaka laini nalo hawakuweka. Jirani yangu wa juu ana mtoto anayejifunza kutembea. Yule dada ametandika magodoro sebule nzima, na siku moja alishuka kuniomba radhi huku machozi yanamtoka. Mzazi anaomba radhi kwa sababu mwanawe ameanza kutembea! Siku hiyo ndiyo niliyoamua kwamba sinyamazi tena.

Wapo watakaosema lofti ndivyo zilivyo. Hapana. Wasanii walioingia kwenye maghala matupu ya SoHo, New York, miaka ya 1960 walifuata nafasi na mwanga, wengi wao wakiishi humo kinyume cha sheria, na walijua wanachoingia. Hata huko, mwaka 1982 jimbo lilitunga sheria ya kuwabana wenye majengo ya namna hiyo wayafikishe kwenye viwango vya makazi, pamoja na usalama wa moto. Zaidi ya miaka 40 iliyopita! Kampuni iliyochukua fedha zetu leo haina kisingizio cha ugeni.

Sasa kilichonifanya nifungue uzi huu. Wiki iliyopita tumeletewa barua kwamba ada ya matengenezo inapandishwa, kwa sababu uso wa nje wa jengo unabanduka na unahitaji kazi kubwa. Yaani wao waliuchuna, sisi tuulipie. Kwenye barua hiyo mchanga hautajwi, saruji haitajwi. Wameandika "uchakavu wa kawaida".

Wakazi tumekutana, na wengi tumekubaliana kutolipa nyongeza hiyo mpaka tuoneshwe kibali kilichoruhusu matofali yasafishwe kwa namna ile. Naomba msaada wa wanasheria na wasanifu majengo mliomo humu: aliyewahi kumbana mkarabati kwa kasoro zilizofichwa wakati wa mauzo, alianzia wapi? Na je, ripoti ya mwashi inatosha au lazima ya mhandisi?

NYONGEZA: Mmeniuliza mtu akague nini kabla ya kununua. Pitisha kiganja ukutani uone kinatoka na rangi gani. Sogeza kabati, tazama nyuma yake. Chokoa maungio kwa ufunguo: chokaa inakwaruzika, saruji inagoma. Mwombe mtu apande juu atembee na viatu wakati wewe umesimama chini kimya. Na vibali vitazame kwenye ofisi yenyewe iliyovitoa, usikubali nakala ya dalali.

NYONGEZA 2: Mkutano na meneja ni Alhamisi saa 10 jioni. Yule mzee mwashi amekubali kuja nami, na amesema atabeba tofali moja la zamani lenye ngozi yake, aliweke mezani kando ya letu.