Naomba ushauri: mama anaharisha sana, yuko katikati ya mionzi ya nyonga

Habari za jioni ndugu zangu. Mama yangu ana saratani ya mlango wa kizazi. Amepangiwa mionzi ya nje mara 25, Jumatatu hadi Ijumaa, na dripu ya sisplatini (dawa ya kemo) kila wiki, kisha mionzi ya ndani. Leo amemaliza ya 14.

Wiki mbili za mwanzo alikuwa sawa. Sasa anaharisha hata mara saba kwa siku na mkojo unamchoma. Juzi kwenye daladala alinishika mkono kwa nguvu akaninong'oneza tushuke, na vituo vilikuwa bado vitatu. Tangu siku hiyo hali kitu asubuhi.

Daktari amempa loperamidi ya kupunguza kuharisha na ORS, na ameshauri kwa sasa aache maharage, maziwa na mboga za majani. Uji wa mchele na ndizi mbivu vinakaa. Kinachonitesa ni maji: anatakiwa aingie kwenye mashine kibofu kikiwa kimejaa ili utumbo usogee mbali na mionzi, naye anaogopa kunywa kwa sababu ya maumivu.

Mliouguza au kupitia hili, mlifanyaje kuhusu maji? Mlimpa chakula gani chenye nguvu? Pia muuguzi alitaja vifaa vya kuzuia uke usisinyae baada ya matibabu. Mama anaona aibu kuuliza, kwa hiyo nauliza mimi: vinaanza kutumika lini?

Dawa za mitishamba naomba tuziweke pembeni, sitaki akatishe dozi.