Naomba ushauri: kazi yetu inahamishiwa India, nisaini barua ya "hiari"?

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Nipo Tanga, Ngamiani. Naifanyia kampuni moja kazi ya kupima programu za simu, ajira ya kudumu, mwaka wa tano huu. Sasa kitengo chote kinahamishiwa India. Wiki hii tunarekodi skrini zetu hatua kwa hatua, hadi namna ninavyoandika ripoti ya hitilafu, ili wenzetu wa huko wajifunzie. Inauma, jamani.

Hakuna kikao kilichoitishwa, wakati Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ashauriane na wafanyakazi kabla ya kuwapunguza. Tumeletewa barua ya "kuachana kwa hiari" yenye mshahara wa mwezi mmoja tu. Kiinua mgongo cha siku 7 kwa kila mwaka hakimo. Afisa utumishi nimemuuliza, anasema uamuzi umetoka makao makuu.

Nikisaini, bado nitaweza kwenda CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi? Na zile siku 30 za kufungua shauri zinahesabiwa tangu tarehe ya barua au siku ya mwisho kazini? Wanataka jibu Ijumaa.