Mgonjwa wa saratani aambiwe yeye mwenyewe, au ndugu kwanza?

Muuguzi wa Shufaa (mleta mada):

Wakuu, naleta jambo linalotugawa wodini na majumbani. Majibu ya kinyama kilichokatwa kwa ajili ya kupimwa yametoka maabara, ni saratani na imeshasambaa. Nani aitwe kwanza: mgonjwa, au kaka yake anayesubiri kwenye benchi? Kwetu mara nyingi huitwa kaka. Daktari anamweleza pembeni, kaka anasema "mzee asijue", na kuanzia hapo kila anayeingia wodini anazungumzia vidonda vya tumbo.

Mimi ni muuguzi wa tiba shufaa, yaani huduma ya kumtuliza maumivu na dalili mwenye ugonjwa mzito, na sehemu ya kazi yangu ni kuwahoji wagonjwa kwa ajili ya utafiti. Msimamo wangu ni huu: mgonjwa mwenye akili timamu aulizwe yeye kwanza. Sisemi atupiwe habari usoni. Aulizwe anajua nini kuhusu ugonjwa wake, anataka kujua kiasi gani, na kama hataki kujua, amtaje mwenyewe wa kumpokelea majibu.

Tuna dodoso la kupima hali ya mgonjwa linaloitwa APCA African POS, la Chama cha Tiba Shufaa cha Afrika chenye makao yake Kampala. Lina maswali kumi. Saba ni ya mgonjwa, matatu ni ya anayemuuguza, yote yanahusu siku tatu zilizopita, na alama ni 0 hadi 5. Kwa asiyezoea namba tunatumia mkono: ngumi ni hakuna maumivu kabisa, vidole vitano ni maumivu yaliyopita kiasi.

Nilimuuliza mzee mmoja kuhusu maumivu. Kabla hajafungua mdomo mwanawe akajibu, "Anaendelea vizuri, jana kala ugali." Mzee akautoa mkono chini ya shuka: vidole vinne. Dawa aliyokuwa akipewa ni panadol. Yule kijana hakuwa mwongo. Anampenda baba yake na alitaka sana iwe kweli. Lakini ningeandika jibu lake, mzee angelala na panadol usiku ule pia. Na hili si la kwetu peke yetu. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kwamba madaktari na wauguzi huelekea kuyapunguza maumivu ya mgonjwa wanapomkadiria, na ndugu hukosea pia, mara nyingi kwa kuzidisha, mara nyingine kama huyu kijana.

Mbele zaidi dodoso linauliza kama mgonjwa ana wasiwasi juu ya ugonjwa wake, kama ameweza kumweleza mtu yanayomkaa moyoni, kama familia imepata msaada wa kupanga ya mbele. Mtu aliyeambiwa ana vidonda vya tumbo atayajibuje?

Halafu kuna fomu ya ridhaa. Juu kabisa imeandikwa kwamba utafiti ni wa wagonjwa wa saratani, kwa hiyo ndugu wanaikataa hata kabla haijasomwa. Ndiyo maana tafiti nyingi za aina hii huweka sharti kwamba mgonjwa awe anaujua ugonjwa wake. Matokeo yake, takwimu tunazopangia huduma zinatoka kwa walioambiwa. Waliofichwa hawamo. Hatujui wanaumwa kiasi gani, kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kuwauliza.

Karibuni tujadili.

Kijana wa Rombo:

Shikamoo sista. Napingana na wewe. Mama yetu tulimficha, na ingekuwa leo tungemficha tena. Alimaliza siku zake akicheka na wajukuu. Jirani yetu aliambiwa kliniki, akarudi nyumbani akageukia ukuta, hata uji akakataa. Nyie wa madodoso mnaondoka saa tisa alasiri, sisi ndio tunabaki naye saa nane usiku. Na mgonjwa kwetu si mtu mmoja. Wanaomlipia, wanaomwogesha, wanaolala sakafuni chini ya kitanda chake wana haki ya kusema neno.

Tabibu wa Zamu:

Niseme ukweli wa upande wetu. Wagonjwa wamejaa korido, chumba hakina mlango, kuna pazia tu, na nyuma ya pazia kuna mwingine anasikiliza. Kumwambia mtu habari kama hiyo vizuri kunataka ukae chini, unyamaze akilia, umjibu akiuliza "nimebakiza muda gani". Sina huo muda. Namwita ndugu kwa sababu ya foleni, halafu tunasingizia utamaduni.

Na hao wanaosema kuficha ndiyo Uafrika: mwaka 1961 ulichapishwa utafiti wa madaktari 219 wa Chicago, na asilimia 90 walipendelea kutomwambia mgonjwa kwamba ana saratani. Mwaka 1979 swali lilirudiwa Marekani kwa madaktari wengine, asilimia 97 wakapendelea kumwambia. Katikati hapo matibabu yaliimarika, ridhaa ikawa suala la sheria, na wagonjwa wenyewe wakadai. Kwa hiyo tusiitane wasaliti wa mila.

Wakili wa Kilifi:

Kwa Kenya, Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 8, inamtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa hali yake ya afya, isipokuwa pale penye ushahidi wa kutosha kwamba kumweleza kutakuwa kinyume na maslahi yake. Huo mwanya upo, na Kijana wa Rombo anaweza kuushika. Lakini "mzee asijue" ya kaka kwenye benchi si ushahidi.

Mswalihina wa Tanga:

Assalam aleykum. Kwetu Waislamu kuna wasia. Mtu ana madeni, ana amana za watu, ana mtoto wa ndugu aliyemlea ambaye hatarithi na angependa kumwachia kitu katika ile theluthi. Ana watu wa kuombana nao radhi. Yote hayo anayafanya akiwa na fahamu zake. Tukimficha mpaka ulimi umekuwa mzito, tumemnyima jambo ambalo hatuwezi kumfanyia akishaondoka. Nimeshuhudia watoto wakigombana miaka juu ya deni ambalo marehemu angelieleza kwa maneno mawili.

Kijana wa Rombo:

Ustadhi nakuheshimu, na hilo la madeni nalikubali. Ila mnazunguka jambo moja ambalo familia nyingi hazitalisema hadharani. Tukimwambia mzee, atakataa tusiuze shamba. Atasema "niacheni nife, msomeshe watoto". Sisi hatuko tayari kumwacha.

Muuguzi wa Shufaa:

Marahaba mdogo wangu, na asante kwa kulisema, maana hapo ndipo penyewe. Shamba ni la nani? Kama ni lake, basi tumemficha ugonjwa ili asiamue juu ya mali yake. Mzee anayesema "msomeshe watoto" hajakata tamaa. Huyo anafanya kazi ya baba mara ya mwisho, nasi tunamnyang'anya. Na mara nyingi shamba linauzwa kwa ajili ya matibabu ambayo daktari ameshajua hayataponya, ila hakuna aliyewaambia hata nyie waziwazi kwamba lengo ni kutuliza tu.

Juu ya jirani yako, nakuamini, nimewaona wa namna hiyo. Lakini angalia alivyoambiwa na alichopewa baada ya kuambiwa. Tuna mfano wa karibu: majibu ya UKIMWI. Zamani nako tulisema mtu akiambiwa atajinyonga. Leo mwenyewe ndiye anayepewa majibu yake, kwa ushauri nasaha na dawa mkononi, naye ndiye anaamua nani ajue. Kwa nini saratani majibu yapite kwa kaka?

Kuna utafiti wa hospitali ya Memorial Sloan Kettering, New York, uliotangazwa 2017. Wagonjwa 766 wenye saratani iliyosambaa waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja walijaza wenyewe dalili zao mara kwa mara, dalili 12 za kawaida kama maumivu, kichefuchefu na kukosa pumzi, na zikizidi muuguzi anapata taarifa. Kundi la pili walihudumiwa kama kawaida. Walioulizwa waliishi miezi 31.2 kwa kipimo cha kati (yaani nusu yao walivuka hapo), wenzao 26.0.

Kijana wa Rombo:

Hiyo New York, sista. Sisi hata kufika Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, ni basi la usiku kucha. Na ukishaviona hivyo vidole vinne, una nini cha kumpa?

Tabibu wa Zamu:

Hapo kanigusa. Kuuliza maumivu bila mofini, dawa ya maumivu makali, ni kumtesa mtu mara mbili. Uganda walilishughulikia hili: Hospice Africa Uganda, aliyoianzisha Dk. Anne Merriman mwaka 1993, ilileta mofini ya maji ya kunywa, na mwaka 2004 sheria ikawaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa kuiandika wenyewe. Mgonjwa wa kijijini hamsubiri daktari wa mkoa. Mimi ningeanza na hilo kabla ya mjadala wa nani aambiwe.

Muuguzi wa Shufaa:

Mkuu, hapo hatupingani, ila sikubali kwamba kimoja kisubiri kingine. Mofini inaagizwa kwa makadirio ya mahitaji, na mahitaji yanatokana na maumivu yaliyoandikwa kwenye faili. "Anaendelea vizuri, kala ugali" haiagizi chupa hata moja. Na New York walitumia kompyuta, kweli, ila kilichofanya kazi ni mgonjwa kuulizwa na mtu kuchukua hatua. Mkono tunao. Kinachokosekana ni ruhusa ya kumwendea mgonjwa.

Nikubali jambo moja kwa Kijana wa Rombo: ndugu asitolewe nje. Yale maswali matatu ya dodoso ni yake, na moja linauliza kama ana ujasiri wa kumuuguza mtu wake. Wengi wanaonyesha kidole kimoja, na kwenye swali hilo alama ndogo ndiyo mbaya. Hawa nao hakuna anayewauliza.

Binti Mkubwa:

Nimesoma yote nikiwa nimeshika simu kwa mikono miwili. Mama yangu ana kliniki wiki ijayo. Majibu ninayo mimi, kaka zangu wamesema ninyamaze. Yeye ameanza kuniuliza mbona mimi ninapungua mwili. Nianzeje bila kuvunja nyumba?

Muuguzi wa Shufaa:

Pole sana dada. Usianze na majibu. Mkiwa wawili, wakati hana maumivu makali na hakuna wageni, muulize: "Mama, wewe mwenyewe unauonaje huu ugonjwa?" Kisha nyamaza, hata akikawia. Wengi huwa wameshahisi na wanakuonea huruma wewe. Akisema yake, muulize tena: "Kliniki ungependa daktari aongee na wewe, au aongee na sisi?" Akisema na yeye, waambie kaka zako kwamba mama ndiye ametaka, wala hukumtangulia. Akisema na nyie, muulize nani kati yenu, na mpe daktari jina hilo kabla hamjaingia chumbani. Omba mpangwe mwishoni mwa foleni, daktari apate muda wa kukaa. Na uliza kama hospitali ina muuguzi wa tiba shufaa awepo siku hiyo hiyo, ili mama asitoke mlangoni na habari peke yake.

Kaka zako wakikataa kabisa, niandikie hapa.