Naomba ushauri: tangazo la chanjo kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza liandikweje?

Mleta mada
Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni mwakilishi wa bweni, niko mwaka wa tatu, na nimekabidhiwa kazi ya kuandika tangazo kuhusu chanjo zinazopendekezwa kwa wanafunzi wapya kabla hawajaripoti chuoni. Mwaka jana tulibandika ubaoni orodha ndefu ya majina ya magonjwa, na hadi naibandua mwisho wa muhula sikuwa nimemsikia hata mmoja akiizungumzia. Sasa wanaokuja wananiuliza maswali yanayonishinda: "Si nilichanjwa utotoni, kwa nini tena?", "Kadi yangu ya kliniki imepotea, nifanyeje?", "Ni lazima au ni hiari?" Naomba mnishauri lipi nilitangulize na nilieleze vipi, kwa kuwa sitaki kuwatisha watu, wala kubandika karatasi nyingine isiyosomwa.

Muuguzi wa chuo
Mwakilishi, tanguliza homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na bakteria wa meningokoki, maana ndiyo inayohusu bweni lenyewe. Bakteria hawa huweza kukaa kooni mwa mtu mwenye afya asijue, kisha wakamwingia mwenzake kwa njia ya mate na kwa kuishi karibu karibu, na sote tunajua jinsi kikombe kimoja kinavyozunguka vitanda vinne usiku wa kuamkia mtihani.

Niliwahi kumpokea kijana aliyeletwa na wenzake usiku wa manane. Mchana alikuwa darasani. Jioni alilalamika kichwa na shingo, wakadhani ni uchovu wa kusoma. Madoa ya zambarau yalikuwa yameanza kutokea miguuni, na nilipoyakandamiza kwa gilasi hayakufifia. Alipona, lakini sikio lake la kushoto halisikii mpaka leo. Hata kwa matibabu mazuri ugonjwa huu huua takribani mgonjwa mmoja kati ya kumi, na huweza kuua ndani ya saa 24. Eleza pia kwamba chanjo iliyozoeleka hukinga dhidi ya makundi A, C, W na Y ya bakteria hawa, ilhali kundi B lina chanjo yake. Kwa hiyo anayesema "nilishachanjwa" aulizwe alichanjwa ipi na akiwa na umri gani, kwa sababu kinga hupungua kadiri miaka inavyopita. Miongozo ya Marekani, kwa mfano, kwa miaka mingi ilimtaka aliyechanjwa akiwa na miaka 11 au 12 apate dozi ya nyongeza afikapo 16.

Mwanafunzi wa tiba, mwaka wa nne
Naunga mkono, na naomba homa ya ini aina ya B isisahaulike, hasa kwa wanaosomea tiba, uuguzi na maabara, kwa kuwa virusi vyake huweza kuendelea kuambukiza nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Kwa kawaida dozi ni tatu: ya pili hufuata mwezi mmoja baada ya ya kwanza, na ya tatu miezi sita baada ya hiyo ya kwanza. Hapo ndipo nilipokwama mimi. Nilichoma mbili, mitihani ikaingia, ya tatu nikaisahau mwaka mzima, kisha nikaona aibu kurudi nikidhani nitaanzishwa upya. Sikuanzishwa upya, mtu huendelea pale alipoishia. Tafadhali liandike hilo kwa herufi kubwa.

Chanjo ya virusi vya HPV nayo wavulana huiruka, kwa kuwa hutajwa kila mara pamoja na saratani ya mlango wa kizazi. Virusi hivyo huleta pia saratani za koo na za njia ya haja kubwa, kwa wanaume na wanawake. Ni bora ipatikane kabla ya mtu kuanza kujamiiana, ila aliyekwisha kuanza asijione amechelewa.

Mzazi wa mwanafunzi mpya
Wanangu, kadi ya kijana wangu niliikuta chini ya sanduku la nguo, imekunjwa mara nne, na palipoandikwa surua tarehe moja inasomeka, nyingine imekuwa doa la wino. Kituoni wameshauri achanjwe tena. Je, kurudia hakutamdhuru?

Muuguzi wa chuo
Mama, wamekushauri vyema. Dozi isiyo na maandishi huhesabiwa kuwa haikutolewa, na kurudia chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela si hatari kwa aliyekwisha kuipata. Zinatakiwa mbili, zipishane angalau siku 28. Virusi vya surua hubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka ukumbini, na kati ya watu 10 wasio na kinga waliokuwa karibu naye, hadi 9 huambukizwa. Wajawazito hawapewi chanjo hii, na mwenye upungufu wa kinga mwilini aseme kabla ya kuchomwa.

Ya pepopunda hurudiwa kila miaka 10, ya mafua kila mwaka. Kuhusu lazima na hiari, Mwakilishi, fomu ya kujiunga ndiyo itakayokueleza chuo kinadai zipi. Zile zinazopendekezwa tu usiziite lazima, maana ukikutwa umetia chumvi katika moja, hata zilizobaki hawatakuamini.

Mleta mada
Nawashukuru sana. Nimeifuta orodha, na sasa tangazo linaanza hivi: "Kabla hujafunga begi, mwombe mzazi kadi yako ya kliniki na uipige picha. Kama haipo au haisomeki, nenda kituo cha afya useme hivyo hivyo, utahudumiwa. Utalala chumba kimoja na watu usiowajua, na kuna chanjo zinazokuhusu kwa sababu hiyo."

Mwanafunzi wa tiba, mwaka wa nne
Chini yake acha mstari mtupu wa kuandika tarehe ya dozi inayofuata, na badala ya ubaoni, libandike nyuma ya mlango wa kila chumba.