Hilux inalia "wiiii" nikiachia mafuta, baada ya kubadilisha sili ya pinioni na krosi

Nala_Dizeli:
Habari za jioni wakuu. Gari ni Hilux Vigo ya 2009, injini 2.5 dizeli, gia za mkono, inasukumwa na tairi za nyuma tu. Difu (boksi la gia kwenye eksili ya nyuma) ilikuwa inavuja oili kwa mbele, pale inapokutana na propela, shafti inayoleta nguvu kutoka gia boksi. Fundi akabadilisha sili ya pinioni (gia ndogo inayopokea nguvu ya propela), na kwa kuwa krosi mbili (viungo vinavyokunja) za kipande cha nyuma cha propela zilikuwa zimelegea, akaweka mpya. Kuvuja kumeisha, ila gari imetoka gereji na mambo ambayo haikwenda nayo.

Kwanza, mlio mwembamba wa "wiiii" kutoka nyuma, unaanza kwenye 60 na kukolea kwenye 80. Unatoka nikiachia mafuta, nikikanyaga unafifia. Pili, mtetemo chini ya siti kati ya 50 na 70. Tatu, "ko" moja nikiondoka au nikitoka rivasi kwenda namba moja.

Fundi anasema krosi mpya lazima zizoee kwanza. Mwingine wa Kizota, hapa Dodoma, anasema difu imekwisha, nitafute ya mtumba. Kabla sijatoa hela, nianze kupima wapi?

Spana17:
Krosi haizoei, mkuu. Ikifungwa sawa inakuwa kimya siku hiyohiyo. Na difu usinunue bado.

Una matatizo mawili, usiyachanganye. Mlio unaobadilika kwa mguu wako kwenye mafuta unatoka ndani ya difu. Mtetemo wa spidi fulani unatoka kwenye propela. Hiyo "ko" inaweza kutoka kokote kati ya hizo mbili, iache ya mwisho.

Thibitisha kwanza barabarani. Lami ya kwenda Bahi inafaa kwa kuwa ni tambarare na imenyooka. Fika 80, bana klachi, uache gari iserereke. Mtetemo ukiendelea wakati injini imeshuka, ujue injini na klachi havihusiki. Kisha kanyaga mafuta kidogo, achia, kanyaga tena. Tairi haijui kama umekanyaga au umeachia, hivyo mlio wake haubadiliki kwa mguu. Unabadilika lami ikiwa laini au ya kokoto. Beringi ya tairi nayo inajitaja ukiyumbisha usukani taratibu kushoto na kulia: ukielekeza kulia mlio ukakolea, tazama ya kushoto, maana ndiyo imeongezewa mzigo.

Sasa kwa nini mlio uje ukiachia? Ukikanyaga mafuta, meno yanaisukuma pinioni iende mbali na krauni (gia kubwa inayozungusha eksili), na mzigo unabebwa na beringi kubwa ya ndani. Ukiachia, tairi ndizo zinazoisukuma difu, meno yanaivuta pinioni iingie kwenye krauni, na mzigo unahamia beringi ndogo ya mbele pamoja na nati yake. Nati hiyohiyo ndiyo fundi aliifungua ili atoe sili! Katikati ya beringi hizo mbili kuna kibushi cha chuma chembamba kilichotengenezwa kibonyee kidogo nati inapokazwa. Ndicho kinachoamua beringi zikazwe kiasi gani. Nati ikirudishwa kwa kukisia, basi ama imepita, kibushi kimebonyea mno na beringi zinabanwa hadi zinachemka, ama haijafika na pinioni inacheza. Dalili zako zinanuka hiyo ya pili.

Mpunguzi_Pikapu:
Mimi ningemwaga oili ningeweka 85W-140. Difu nyingi zinanyamaza.

Spana17:
Zinanyamaza kwa sababu oili nzito inafunika kelele, mkuu. Nati iliyolegea inabaki imelegea. Kwa difu hii tumia oili ya gia za haipoidi, yaani za difu, ya daraja la GL-5, 80W-90 inatosha kwa joto letu. 140 ni ya kuuzia gari, siyo ya kulitengeneza.

Fundi_Ihumwa:
Naunga mkono Spana17. Naongeza namna ya kupima bila kufungua difu.

Weka vizuizi tairi za mbele, inua nyuma, na stendi zikae chini ya eksili, siyo chini ya chesisi. Eksili ikining'inia, pembe za propela zinabadilika na utaona makosa ambayo barabarani hayapo. Gia iwe frii, hendibreki iachiwe. Fungua tundu la kujazia oili kabla ya lile la kumwagia. Likigoma wakati difu iko tupu, umekwama. Oili lazima ifike kwenye mdomo wa tundu, gari likiwa sawa na ardhi (ukiinua nyuma tu, kipimo kinakudanganya). Hiyo "iliongezwa" ya gereji usiiamini mpaka kidole kimeigusa. Ukimwaga, futa sumaku ya boliti ya chini: matope ya kijivu laini ni kawaida, vipande unavyovisikia kwa kidole ni beringi au meno.

Sasa ondoa boliti nne za propela upande wa difu, ila kwanza piga alama ya rangi ivuke flenji zote mbili (sahani ya propela na ya pinioni zinazofungwa pamoja). Shika flenji ya pinioni, isukume na kuivuta mbele na nyuma, halafu juu na chini, ikiwezekana kwa nondo fupi. Kucheza kwa namna hiyo hakuruhusiwi hata kidogo. Kuzunguka kidogo kushoto na kulia kabla meno hayajagusana ni halali; kwa difu nyingi za Toyota nafasi hiyo kwenye meno ya krauni ni milimita 0.13 hadi 0.18, usiichanganye na kulegea. Tazama pia nati: ukingo wake umegongwa ukaingia kwenye mfereji wa pinioni? Kama haujagongwa, inaweza kuwa inajifungua taratibu.

Propela ukishaitoa, kunja kila krosi kwa mkono pande zote mbili. Iende laini bila kukwama na bila kuchezacheza. Ikikwama sehemu moja, mara nyingi sindano moja ya beringi ndani ya kikombe cha krosi imelala wakati wa kugonga. Kikombe kikicheza, pini za kuzuia ni nyembamba. Zinauzwa kwa unene tofauti, ila mafundi wengi wanaweka zilizokuja kwenye boksi na kusonga mbele. Hapo "ko" inapatikana.

Kuhusu mtetemo: kipande cha nyuma kina meno ya kuteleza, na fundi akikitenganisha anaweza kukirudisha kimeruka jino. Masikio (mikono inayoshika krosi) ya mbele na ya nyuma ya kipande hicho lazima yawe kwenye mstari mmoja. Krosi iliyo kwenye pembe inaharakisha na kuchelewesha propela mara mbili kila mzunguko. Masikio yakilingana, krosi ya pili inafuta kosa la ya kwanza, yasipolingana haifuti. Piga hesabu: kwa tairi yenye mzunguko wa mita 2.2 na difu ya 4.1 (propela mizunguko 4.1 kwa mmoja wa tairi), kwenye 80 propela inazunguka karibu mara 2,500 kwa dakika. Hicho ndicho kinachotikisa siti. Usisahau senta beringi, inayoshika propela katikati: legeza boliti zake mbili, sukuma gari mbele na nyuma likiwa chini ili ijipange yenyewe, ndipo ukaze.

Nala_Dizeli:
Asanteni sana wakuu. Nimepima na fundi mwingine. Oili ilikuwa chini ya tundu, kidole kiliigusa kwa shida. Sumaku ina matope tu, hakuna vipande. Flenji ikisukumwa na nondo inaenda mbele na nyuma, kidogo lakini inasikika, na nati haijagongwa ukingo. Masikio ya propela hayako sawa, yameruka jino moja. Krosi ni laini. Je, nikaze nati tu niendelee na safari? Nina mzigo wa Iringa.

Spana17:
Iringa kupitia Mtera usiende nayo hivyo. Nati ikiachia, flenji inaweza kutoka na propela ikaanguka, au meno ya pinioni yakapanda juu ya krauni na tairi za nyuma zikafunga ukiwa kwenye mwendo.

Propela irudishwe kwenye jino lake, mtetemo umeisha hapo. Nati ndiyo inataka subira. Kwa kuwa hakuna alama iliyowekwa kabla haijafunguliwa, hakuna pa kurudia. Njia ya uhakika ni kutoa hafu shafti mbili (za kwenda tairi), kuteremsha kichwa cha difu (chenye krauni na pinioni), kutoa krauni baada ya kutia alama vifuniko vya beringi vya kushoto na kulia, na kukaza pinioni ikiwa peke yake kwa kibushi kipya na nati mpya. Kaza kidogo, zungusha mara kadhaa beringi zikae, pima ugumu wa kuizungusha, kaza tena. Bila spana ya toki ndogo, zungusha kamba kwenye flenji na uivute kwa mzani wa ndoano: kamba ikikaa sentimita 5 kutoka katikati na mzani ukasoma kilo 2 wakati flenji inazunguka, hiyo ni karibu 1 N·m. Kiwango kamili kichukuliwe kwenye kitabu cha difu yako, maana difu ya krauni ya inchi 7.5 na ya inchi 8 hazilingani, na beringi zilizotumika zinataka karibu nusu ya beringi mpya. Ukipita kiwango, usirudishe nati nyuma. Kibushi hakifutuki tena, weka kingine.

Spana ya upepo, au spana iliyorefushwa kwa bomba bila kupima, visikaribie nati hiyo mwishoni. Ukirudisha krauni, paka rangi meno matatu au manne, zungusha, uone alama inakaa katikati ya jino.

Fundi_Ihumwa:
Na muulize fundi kwa nini sili ya kwanza ilivuja. Difu ina kipumulio juu ya eksili. Vumbi la Nala na tope la Bahi vikikiziba, hewa ikipata joto inatafuta njia na kuisukuma oili kwenye sili. Kitoe, kioshe kwa dizeli, kipulize, hewa ipite. Kisha pitisha ukucha kwenye shingo ya flenji pale mdomo wa sili unapokaa. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, sili mpya itavuja tena hata nati ikazwe vipi. Badilisha flenji, au sili ipigwe isifike mwisho kabisa, milimita moja au mbili, ili mdomo ukae sehemu isiyolika.

Nala_Dizeli:
Ukucha umenasa, mkuu. Natafuta flenji.