Mafundi wa "pikipiki za safari", acheni kuchomelea keria kwenye fremu za watu!

Assalaam alaykum. Hili nalisema kama lilivyo, atakayekasirika na akasirike.

Mtu ananunua pikipiki ya cc 150, nia yake avuke na meli kutoka bandari ya Malindi, Unguja, ashike njia ya Morogoro, Iringa mpaka Mbeya. Anaipeleka gereji ikatayarishwe. Inatoka na masanduku mawili ya chuma kwenye keria iliyochomelewa, taa nne na usukani ulionyanyuliwa. Springi zile zile, cheni ile ile. Anatozwa, anaambiwa iko tayari kwa bara. Tayari kwa kukatika!

Fremu ya nyuma ya pikipiki hizi ni bomba jembamba. Ukilichomelea, chuma cha kando ya weldi kinageuka kwa moto na kuwa chepesi kupasuka. Ndiyo maana ufa huanza pembeni ya weldi, si kwenye weldi yenyewe. Rangi nayo imeshaungua, na hewa yetu ya chumvi haingoji kualikwa. Kibaya zaidi, wapo wanaochomelea betri haijafunguliwa, wanaua regulata na CDI (kifaa kinachotoa cheche ya plagi), kisha wanasema "pikipiki mbovu hii".

Keria inafungwa kwa bolti. Tumieni matundu yaliyopo: ya mshikio wa abiria na ya kikanyagio cha nyuma. Bolti M8 (unene wa milimita 8) za daraja la nguvu 8.8, nati za kujifunga, na bomba moja la kuunganisha kulia na kushoto kwa nyuma ili masanduku yasiyumbe. Baada ya kilomita 100 za mwanzo zikazwe tena. Kazi ya saa chache, na fremu inabaki nzima.

Uzito nao hamuupigii hesabu. Dereva kilo 80, keria 8, masanduku matupu 10: kilo 98 na hajatia hata kikoi. Bado maji, hema, spana, petroli ya akiba. Kitabu cha pikipiki kimeandika uzito wa mwisho, mtu na mzigo kwa pamoja. Kwa cc 150 mabegi ya turubai yanatosha kabisa, vizito vikae chini, karibu na dereva.

Pesa ya masanduku ingekwenda kwenye springi. Pimeni: pikipiki imenyanyuliwa gurudumu linaning'inia, kutoka ekseli ya nyuma mpaka alama kwenye fremu, kisha mtu na mzigo wake wakiwa juu. Kama mwendo wa gurudumu la nyuma ni milimita 150, isizame zaidi ya 50 hivi. Ikizidi hata baada ya kukaza, hiyo springi haiwezi, badilisheni. Na cheni ilegezwe mzigo ukiwa juu, maana iliyo sawa ikiwa tupu hukazana kama waya wa gitaa na kula beringi.

Taa! Mbili za wati 55 ni wati 110, zaidi ya ampea 9. Alteneta ya pikipiki ndogo haina ziada hiyo, betri itakufa njiani. LED mbili za wati 10 hazifiki ampea 2. Wekeni rilei (swichi ya umeme ya kubebea taa), na fyuzi ya ampea 5 karibu na betri. Kuiba umeme kwenye waya wa taa kubwa ni kuyeyusha swichi.

Usukani ukinyanyuliwa bila kurefusha waya wa mafuta, dereva akikata kona injini inajivuta yenyewe. Hilo linaua.

Na msiguse sproketi ya mbele kwa ajili ya spidi ya lami. Kutoka meno 16 kwenda 17 ni asilimia 6, inasikika raha Chalinze, lakini mlima wa Kitonga na mzigo mtu atapanda kwa gia ya kwanza.

Wanunuzi nanyi: chagueni pikipiki ambayo spea zake zipo dukani Mafinga, sio ile inayopendeza Forodhani. Yenye kabureta kila fundi wa njiani anaifungua. Mkishuka melini ioshwe kwa maji yasiyo na chumvi, si kwa presha kwenye beringi, na bolti za stenlesi zinazoingia kwenye injini ya aluminiamu zipakwe grisi, la sivyo chumvi itazigandisha na siku ya kufungua zitakatikia ndani.

Fundi yeyote, Unguja au Pemba, anayefunga keria kwa bolti aweke vipimo na picha hapa, watu wajue pa kwenda.