Mionzi kwa mama: Ocean Road, spitali binafsi Dar, au India?

Kijana_wa_Wete
Asalaam alaykum. Mama ameandikiwa mionzi. Nimepewa majina matatu ya madaktari bingwa: mmoja Ocean Road, ile spitali ya saratani ya serikali Dar, mmoja spitali binafsi hapo hapo Dar, mmoja India. Nani bora? Tunataka kuondoka Pemba wiki ijayo.

Nesi_Mkoani
Waalaykum salaam. Saratani ya wapi? Hatua ya ngapi? Majibu ya kinyama kilichokatwa kupimwa yametoka? Ziwa baada ya upasuaji mara nyingi ni mionzi 15, wiki tatu. Mdomo na koo yafika 35, wiki saba, na meno mabovu hung'olewa kwanza, vidonda vipone kama wiki mbili, maana kidonda cha taya lililopigwa mionzi hakifungi kirahisi. Shingo ya kizazi ina utaratibu wake. Tujibu lipi?

Kijana_wa_Wete
Niwieni radhi. Shingo ya kizazi, 2B. Majibu ya kinyama ninayo. Damu 8.4. Figo hatujapima.

Mkufunzi_Mionzi
Basi jina la daktari liweke kando kwanza. Uliza kila spitali: mionzi ya ndani mnayo hapo hapo? Kwa kawaida mama atapigwa ya nje mara 25, siku tano kwa wiki, na dripu ya sisplatini, dawa ya saratani, mara moja kwa wiki. Kisha huingizwa mrija kwenye kizazi, apate ya ndani mara tatu au nne. Yote yaishe ndani ya wiki nane tangu siku ya kwanza. Ya ndani ndiyo inayofikisha dozi kubwa kwenye uvimbe bila kuunguza kibofu na utumbo. Ocean Road wanayo. Hiyo binafsi ipigie simu, na wakikwambia watampeleka kwingine, dai tarehe.

Darajani_77
India tu, ndugu yangu. Kule ni LINAC, mashine ya mionzi inayotumia umeme. Kobalti ni mashine ya kizamani, chanzo chake kinaisha nguvu.

Mkufunzi_Mionzi
Nguvu hupungua nusu kila miaka mitano na kidogo, kweli. Kinachobadilika ni dakika za kulala kitandani, dozi inabaki ileile. Kwa uvimbe ulio karibu na uti wa mgongo LINAC ni bora bila ubishi, kingo za mionzi yake ni kali. Kwa nyonga, kobalti iliyopangwa vizuri inafanya kazi. Na Ocean Road LINAC zipo tangu 2018. Lakini LINAC umeme ukiyumba au upoozaji ukileta hitilafu, inasimama. Uliza wanazo ngapi, na moja ikilala wagonjwa huhamishiwa wapi.

Darajani_77
Bado nasema India. Mpango wao ni wa haraka.

Nesi_Mkoani
Viza na rufaa umezihesabu? Naomba nieleze la mgonjwa mmoja, spitali siitaji. Alimaliza 25 za nje, damu ikakatika, watu wa kwao wakaona kapona. Akaambiwa ya ndani itafanyika kwingine, asubiri simu. Akarudi Pemba. Wiki tano kimya. Alipopelekwa, njia ilikuwa imebana, mrija hauingii. Kibaya zaidi, hakupewa karatasi ya dozi, na daktari wa pili hawezi kupanga bila kujua cha kwanza kilichopigwa. Mtu akapanda boti kuifuata. Uvimbe hausubiri karatasi! Kwa hiyo usitoke spitali bila maandishi ya dozi, idadi na tarehe.

Na hiyo damu 8.4 iongezwe, ifike 10 hivi kabla ya kuanza; tafuteni wachangiaji sasa. Pimeni kreatinini, kipimo cha damu cha kazi ya figo, na ultrasaundi ya figo. Mrija wa mkojo utokao kwenye figo ukiwa umezibwa na uvimbe, hiyo si 2B tena, ni 3B, na sisplatini huenda asipewe.

Bi_Chwaka
Mwanangu, alama za wino watakazomchora nyongani zisisuguliwe. Wala asikandwe na mafuta ya karafuu pale, ngozi itachubuka. Na asikae na njaa eti anatapika. Uji mwepesi, kidogo kidogo.

Kijana_wa_Wete
Shukran, bibi. Je, mwisho wa wiki arudi nyumbani?

Nesi_Mkoani
Wiki za sisplatini hapana. Mkoani hadi Unguja, kisha Dar, bahari ya kusi, na anatapika? Boti ikiahirishwa Jumapili, Jumatatu imepotea. Tafuteni chumba karibu na spitali.

Darajani_77
Ndege ya Chake ipo.

Nesi_Mkoani
Ipo, ila mizigo na msindikizaji, hesabu mara mbili.

Kijana_wa_Wete
Maabara wamenipa vioo na vipande vya nta vya kinyama. Nivibebe?

Mkufunzi_Mionzi
Vyote, pamoja na picha za sitiskani. Mkononi, usiviache ndani ya gari juani, nta inalainika. Ile spitali binafsi umeipigia?

Kijana_wa_Wete
Wamesema nipige tena Jumatatu.